Kidole cha mguu kinapouma, ulizia na figo

Barua niliyoichagua juma hili imetoka kwa binti anayesoma katika chuo kimoja hapa Nairobi. Baba yake anaishi Matiliku, kaunti ya Makueni, upande ule ambako ukishaiacha barabara kuu ya Mombasa pale Emali huchukui muda kabla ya kuuona mlima Nzaui. Mzee ana umri wa miaka 58. Ni mwashi wa kujenga kwa mawe, na msimu wa mvua ukifika huweka mwiko wake kando akalima.

Kwa miaka sita sasa mzee huyu amekuwa akishikwa na maumivu ya kidole gumba cha mguu. Hulala mzima, na ifikapo saa nane za usiku huamshwa na kidole kilichovimba, chekundu, chenye moto, kisichovumilia hata kuguswa na shuka. Siku tano au saba baadaye maumivu huondoka kana kwamba hayakuwapo. Hapo mwanzo yalikuja mara moja kwa mwaka. Siku hizi ni karibu kila mwezi, na yamehamia kwenye kifundo cha mguu na goti pia.

Binti hakukaa kitako. Kila mwisho wa mwezi hujinyima kidogo, akapita duka la dawa mjini, akanunua tembe za kutuliza maumivu, zile kali, na kuzituma kwa matatu hadi Emali. Mzee huzimeza, hupata nafuu, na humbariki mwanawe kwa simu.

Mwezi uliopita maumivu yalizidi, mzee akapelekwa hospitali. Daktari aliutazama mguu, akampima shinikizo la damu, kisha akamwandikia karatasi akapimwe figo. Mzee alikataa. Akasema yeye anaumwa na kidole, mgongo wake hauna neno, na kwamba watu wa hospitali wanatafuta njia ya kumtoa pesa. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni akaenda zake nyumbani. Sasa binti ananiuliza: kidole cha mguu na figo vina udugu gani? Na je, aendelee kutuma tembe?

Dada yangu, nitalijibu swali la pili kwanza kwa sababu haliwezi kungoja mpaka mwisho wa ukurasa. Acha kutuma tembe hizo mpaka baba apimwe figo. Sababu zake nitakueleza.

Maradhi hayo, jinsi ulivyoyaeleza, yanafanana sana na jongo. Wengine huyaita gauti. Kuthibitisha ni kazi ya daktari, si ya mwandishi wa gazeti, kwani yapo maradhi mengine ya viungo yanayoweza kuvimbisha kidole namna hiyo. Lakini ugonjwa unaoanzia kwenye kidole gumba, usiku, kwa mwanamume aliyepita miaka 40, kisha ukaondoka na kurudi, daktari hufikiria jongo kabla ya kufikiria lingine. Akina mama huwapata zaidi baada ya hedhi kukoma, maana kabla ya hapo homoni zao husaidia figo kutoa ule uchafu unaoleta jongo.

Uchafu wenyewe huitwa asidi ya yuriki. Kila chembe hai ya mwili ina vitu viitwavyo purini, na chembe zinapokufa na kufanywa upya kila siku, purini hizo huvunjwa na kubaki asidi ya yuriki. Nyingine hutokana na chakula. Kwa hivyo hakuna binadamu asiyekuwa nayo. Hata mtu asiyegusa nyama maisha yake yote anayo, kwa kuwa mwili wake mwenyewe unaitengeneza.

Kazi ya kuitoa ni ya nani? Sehemu ndogo, kiasi cha theluthi moja, hutoka kupitia utumbo. Theluthi mbili zilizobaki ni mzigo wa figo. Figo moja ina ukubwa wa ngumi, na ndani yake mna vichujio vidogo vidogo kama milioni moja. Figo zote mbili huchuja maji ya damu yapatayo lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Katika uchujaji huo ndimo asidi ya yuriki inamotolewa.

Figo zikilegea, asidi ya yuriki hubaki kwenye damu. Damu ina kiasi chake inachoweza kubeba, kama chai na sukari: ukizidisha sukari, nyingine hukaa chini ya kikombe. Kwa asidi ya yuriki kiasi hicho ni karibu miligramu 6.8 kwa kila desilita ya damu. Ikizidi hapo kwa muda mrefu, huanza kuganda na kuwa fuwele, yaani chembe ngumu zenye ncha mithili ya sindano. Na huganda upesi zaidi mahali penye baridi. Pahali gani mwilini palipo mbali na joto la moyo kuliko kidole cha mguu? Askari wa mwili wakizivamia sindano hizo, ndipo vita huzuka ndani ya kiungo na mtu akapiga mayowe saa nane za usiku.

Huo ndio udugu wa kidole na figo. Waama, kwa wagonjwa wengi wa jongo, kiasi cha tisa katika kila kumi, tatizo kubwa ni kwamba figo hazitoi asidi ya yuriki ya kutosha. Ni wachache ambao miili yao inaitengeneza kupita kiasi. Kulegea huko hakumaanishi kila mara kwamba figo ni mbovu. Wengine wamezaliwa na figo zenye ubahili wa kutoa kitu hicho kimoja tu huku kazi nyingine zote zikizifanya vizuri. Lakini wengine jongo lao ni dalili kwamba figo zimeanza kuchoka. Kwa kuutazama mguu tu huwezi kujua mgonjwa yuko kundi gani. Ndiyo maana daktari yule aliandika karatasi.

Jambo hili si geni. Mnamo 1848, daktari wa London aitwaye Alfred Baring Garrod alionyesha kuwa damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki nyingi, na baadaye akazitaja figo kuwa chanzo kimojawapo. Lakini watu hawakupenda kusikia habari za figo. Walipenda kusema jongo ni ugonjwa wa wafalme na matajiri, wa kuku wa kuchoma na mvinyo. Fikira hiyo imetufuata mpaka leo. Mtu akisema ana jongo hapa Nairobi, wenzake humcheka na kumwambia apunguze nyama choma.

Sikatai kwamba nyama ina lake. Mwaka 2004 jarida moja la utabibu la Marekani lilichapisha utafiti uliowafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12, ukaonyesha kuwa waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walipata jongo zaidi. Utafiti mwenza wa mwaka huo huo ukaitaja bia kuwa mbaya zaidi miongoni mwa vileo. Hata hivyo, mwaka 2018 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 16,000 walioko Marekani, wote wa asili ya Ulaya. Ulipotazamwa umbali kati ya mtu mwenye asidi nyingi na mwenye kidogo, chakula kilieleza sehemu ndogo mno, na urithi wa damu ukaeleza sehemu kubwa zaidi kwa mbali. Kwa hivyo tusimwaibishe mtu mzima kana kwamba alijitakia. Baba wa Matiliku anayeonja nyama ya mbuzi mara mbili kwa mwezi anaweza kulemazwa na jongo, na jirani yake mwenye bucha asijue ni kitu gani.

Nikiisoma barua yako, dada, naona mambo mengine yanayonipa wasiwasi kuliko nyama. Umesema baba hushinda juani akichonga mawe. Makueni ni kukavu. Mito mingi huko ni ya mchanga, maji huchimbwa, na anayeyachota huyahesabu. Mwashi anayetokwa jasho toka asubuhi hadi alasiri na kunywa kikombe kimoja cha chai hana mkojo wa kutosha wa kuosha uchafu. Asidi ya yuriki hupanda, na ndani ya figo zenyewe huweza kuganda na kuwa mawe. Mawe hayo huumiza kiunoni hadi kwenye kinena, na mtu huweza kukojoa damu. Halafu umesema kuwa daktari alimpima shinikizo la damu, ila hukuniambia alipata nini. Ulizia. Shinikizo la damu na kisukari ndiyo maadui wakubwa wa figo, na mara nyingi huishi nyumba moja na jongo.

Sasa nirudi kwa tembe, maana hapa ndipo wengi wetu tunaoishi mjini tunapowaumiza wazee wetu kwa mapenzi.

Dawa kama diklofenaki, ibuprofeni na indomethasini hufanya kazi kweli kweli dhidi ya jongo. Daktari mwenyewe huweza kumpa mgonjwa mwenye figo nzima azinywe kwa siku chache. Ubaya wake uko katika namna zinavyotuliza. Mwili hutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Dawa hizi huzizuia. Lakini kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazoiweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo, hasa mtu anapokuwa na upungufu wa maji mwilini, au ana umri mkubwa, au figo zake zimeanza kudhoofika. Ukimeza tembe, kidole hupoa na mshipa wa figo hubana. Kumeza siku mbili na kuacha ni jambo moja. Kumeza kila mwezi kwa miaka sita, chini ya jua la Makueni, pasipo maji ya kutosha, ni jambo lingine kabisa. Dawa hizo pia hupandisha shinikizo la damu na kuchubua tumbo. Na iwapo mzee tayari anatumia dawa za presha, baadhi ya dawa hizo zikichanganywa na tembe hizi huweza kuziangusha figo kwa siku chache tu.

Unaona basi mzunguko ulivyo. Figo hulegea, asidi ya yuriki hupanda, kidole huuma, mzee humeza tembe, tembe hubana figo, asidi hupanda tena. Maumivu yaliyokuja mara moja kwa mwaka huanza kuja kila mwezi. Binti akiona yamezidi, huongeza tembe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na safari hii kimefungwa vizuri kwenye bahasha na kutumwa kwa matatu.

Usijilaumu, dada. Hakuna aliyekuambia. Muuzaji wa duka la dawa hakukuuliza tembe ni za nani wala figo zake zikoje, nawe ulifanya alivyofanya kila mtu kwenye foleni ile.

Usidhani pia kwamba dawa za mitishamba ni salama kwa kuwa zimetoka shambani. Baadhi ya michanganyiko inayouzwa sokoni na kusifiwa kwamba hutibu viungo imepatikana katika nchi mbalimbali ikiwa imetiwa humo humo dawa za kutuliza maumivu au za jamii ya steroidi. Mzee hupata nafuu upesi, akausifu mzizi, kumbe amemeza kile kile alichokatazwa.

Basi maumivu yakimshika usiku afanyeje? Wengi hukimbilia maji moto na kuukanda mguu. Kwa jongo, baridi ndiyo inayosaidia. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya mtungi, mguu ukiwa juu ya mto, na kidole kisisuguliwe. Parasetamoli ni nyepesi kwa jongo lakini haina ugomvi na figo kama zile nyingine, mradi asizidishe kipimo. Asubuhi aende hospitali. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kuchagua hata figo zikiwa dhaifu, kama kolchisini kwa kipimo kilichopunguzwa, au prednisoloni kwa siku chache. Hizo si za kununuliwa kiholela. Kolchisini ikizidi ni sumu.

Kuhusu vipimo, mwambie baba hakuna anayetaka kumpasua. Ni damu kidogo na mkojo kidogo. Matiliku kwenyewe pana hospitali ya kaunti ndogo, na kipimo kisichopatikana hapo kitafutwe katika hospitali kuu ya kaunti pale Wote. Kwenye damu hupimwa kreatinini, uchafu mwingine ambao figo zikichoka hubaki mwilini. Kutokana nayo daktari huhesabu kasi ya uchujaji wa figo. Ikiwa chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, huo huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo. Kwenye mkojo hutafutwa protini na damu. Mgongo kutouma si ushahidi wa chochote, kwani figo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kimya kimya. Mtu huja kuvimba miguu na uso, kukosa hamu ya chakula na kuishiwa pumzi wakati mambo yameharibika tayari.

Asidi ya yuriki nayo hupimwa, ila kuna mtego. Siku za maumivu makali huweza kushuka na kuonekana ya kawaida, mgonjwa akaambiwa hana jongo. Ni vyema ipimwe tena majuma mawili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Kinyume chake, wapo watu wenye asidi nyingi ambao hawajaumwa hata siku moja, na hao kwa kawaida hawapewi dawa. Wanasayansi walidhani kwamba kuishusha asidi kungeziokoa figo zinazodhoofika hata kwa mtu asiye na jongo. Mwaka 2020 matokeo ya majaribio mawili makubwa yalichapishwa: dawa iliishusha asidi vizuri, lakini figo ziliendelea kudhoofika kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo asije mtu akakuuzia dawa ya asidi akikuambia ni kinga ya figo.

Kwa mwenye jongo linalorudi kila mwezi kama baba, hapo kuishusha ni lazima, na dawa ipo. Inaitwa alopurinoli. Imetumika tangu miaka ya 1960, na wawili waliohusika kuigundua, Gertrude Elion na George Hitchings, walitunukiwa Nobel mwaka 1988 kwa kazi yao ya kutengeneza dawa. Hata mwenye figo dhaifu anaweza kuitumia, ikianzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6, au maikromoli 360 kwa maabara zinazotumia hesabu hiyo. Watu huiacha kwa sababu moja: majuma ya kwanza maumivu huweza kuzidi, maana zile sindano zinapoanza kuyeyuka hutibuka. Daktari huongeza dawa ya kuzuia hilo kwa miezi ya mwanzo. Akivumilia, mashambulizi hupungua na mwisho yakakoma. Lakini akiona vipele mwilini, homa au vidonda mdomoni, aiache siku hiyo hiyo na kukimbia hospitali. Hilo halina mzaha.

Kabla ya hayo yote daktari atataka kujua dawa nyingine azitumiazo. Baadhi ya dawa za presha, zile zinazomfanya mtu akojoe mara kwa mara, hupandisha asidi ya yuriki, ilhali losatani huishusha kidogo. Pirazinamaidi, moja ya dawa za kifua kikuu, nayo huipandisha sana. Mzee asiache yoyote kwa sababu ameisoma hapa. Abebe pakiti zote mfukoni, amwonyeshe daktari.

Umeniuliza pia kuhusu gharama. Sitakudanganya kwamba vipimo ni vya bure. Ila fikiria upande wa pili. Figo zikifa, mgonjwa hulazwa kando ya mashine mara mbili au tatu kwa juma, kila mara muda wa saa nne hivi, maisha yake yote au mpaka apate figo ya mtu mwingine. Hata bima ikilipia mashine, nauli ya kwenda na kurudi na siku za kazi zilizopotea hailipi mtu. Pesa za tembe za miezi miwili mitatu huenda zikatosha kumfikisha mzee kwenye maabara.

Mwisho wa barua umeongeza maneno kwa wino mwingine, nadhani uliyakumbuka ukiifunga. Unasema mtu mmoja sokoni alimwambia baba kwamba jongo huletwa na mbaazi na kunde, na tangu hapo amekataa isyo na nzuu, mama yako akabaki kuhangaika ampikie nini. Ule utafiti wa 2004 uliangalia jambo hilo pia: nafaka za jamii ya maharagwe, ingawa zina purini, hazikuonekana kuwaongezea watu jongo. Maziwa yalionekana kupunguza. Vinavyostahili kupunguzwa ni maini, figo na matumbo ya mbuzi, omena, nyama nyingi kwa mkupuo, bia na kaluvu, pamoja na soda zenye sukari. Maji anywe zaidi, na mtungi ufuatane naye kazini. Ikiwa vipimo vitaonyesha figo zimedhoofika sana, daktari huenda akaweka mipaka kwenye maji, maharagwe na mboga fulani, na hapo asikilizwe yeye. Mpaka siku hiyo, mwambie mama arudishe nzuu chunguni, na wewe mwisho wa mwezi huu tuma nauli ya kwenda kupimwa pahali pa tembe. Ile karatasi bila shaka ingali mfukoni mwa koti lake.